Zile Sipro na Kisigino Changu

Turwa, Jumanne

Kumbe ni zile sipro, vidonge nilivyonunua duka la dawa ili nitibu taifodi. Daktari amesema leo kwamba zinaweza kudhoofisha kano, na anayezimeza asinyanyue vyuma vizito. Kano yangu ya kisigino imekatika chuma kikiwa mabegani.

"Haikukuuma kabla?" daktari aliniuliza.

Iliuma wiki nzima. Lakini Mkurya niliyetahiriwa nimesimama, bila kupepesa jicho, ningelalamikia kisigino?

Mashindano ya mkoa ya kunyanyua vyuma, basi tena. Labda na vyuma vyenyewe...

Jioni baba alikuja, akautazama mguu uliofungwa hogo la plasta.

"Ulilia?"

"Hapana, baba."

"Vizuri, mwanangu."

Akaondoka ameridhika. Laiti ningelia wiki iliyopita, leo ningemsindikiza mpaka barabarani.