Mwezi Mchanga Kwenye Kompyuta

Najiat,

Mihogo ya futari nimeshaimenya, iko kwenye sufuria. Kompyuta usiizime. Ule mwezi mchanga kwenye kona ya kioo nauondoa, unarudi wenyewe. ~~Nani alikutuma kuuweka~~ Si kosa lako. Nilidhani ni pambo la Ramadhani, nikaona haya kuuliza. Leo nimesoma maelezo yake: kumbe unanyamazisha simu zinazoingia.

Dada yangu Zamda alinipigia humo kwenye kompyuta jana mara sita, nami nimekaa papo hapo nasoma. Asubuhi hii mwanawe Adinani kaja na baiskeli kutoka Kwihara. "Mjomba, mama ametutoka. Alikuwa anakuulizia."

Nimekwenda kuzika. Utafute namna ya kuuzima huo mwezi, lakini zile simu sita usizifute.

Babu yako