Nimeirudisha Ratiba ya Kontrakta

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, na ukungu umefunika mashamba yote ya chai ng'ambo ya barabara. Nimechoka hata kuongea.

Leo nimeikataa ratiba ya ujenzi wa wodi ya akina mama.

Wodi hiyo inajengwa na kamati ya kijiji chetu, huku juu ya Sigowet. Mimi ni injinia. Walinichukua nikague kazi ya kontrakta kwa niaba yao, kwa sababu nimezaliwa hapa na wananiamini. Mwenyekiti ni Mama Rael. Mwaka jana mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wakati wa mvua kubwa. Gari likakwama kwenye matope. Alifia hapo barabarani, yeye na mtoto. Tangu siku hiyo Mama Rael anaomba kitu kimoja tu: wodi iishe kabla mvua kubwa haijafunga barabara tena.

Ratiba ya kontrakta inasema itaisha. Niliposoma, kwanza nilifurahi. Halafu nikaona haraka hiyo ameitoa wapi. Nguzo za muda zinazoshikilia slabu, ile dari ya zege, zitaondolewa kabla zege halijakomaa, na kwa baridi hii yetu zege hukomaa polepole. Chini ya slabu hiyo ndipo vitanda vitakapokaa.

Nikampigia simu. Hata hakukasirika.

"Injinia, si ni nyinyi mnataka haraka? Basi nimewapa haraka."

Mchana nikakutana na kamati kanisani. Nikawaambia slabu inaweza kuwaangukia mafundi, au ipasuke kidogo kidogo na kuwaangukia akina mama baadaye. Tukifanya sawasawa, wodi haitakuwa tayari kabla ya mvua kubwa.

Mzee mmoja akauliza kama siwezi kuipitisha tu hivyo hivyo, kisha tuombe Mungu. Nilishindwa kumwangalia. Wazo hilo lilikuwa limenijia hata mimi.

Mama Rael ndiye aliyeuliza: "Na wale watakaojifungua kabla ya hapo, Chelang'at?"



Akaivuta barua yangu ya kumrudishia kontrakta ratiba, akatia sahihi bila kuisoma. Tulipotoka nje akanishika mkono. Kitindamimba wake, Joan, ana mimba kubwa, na amekuwa akimwambia kila mtu kwamba atajifungulia kwenye wodi ya mama yake.

"Uende umwambie wewe, mwanangu. Mimi siwezi."

Nimejaribu maneno njia nzima nikirudi, na kila ninalopata linasikika kama la mtu ambaye hajamzika yeyote.

Kesho asubuhi nitapanda kwao. Nitamwomba Joan ahamie kwa shangazi yangu, Kericho mjini, mapema, wakati barabara bado inapitika. Atakubali, nadhani.

Lakini si kila mjamzito wa kijiji hiki ana shangazi mjini.