Wimbo Mpya Tulioukimbiza

Jumapili, Mwanga

Na bado Ramadhani anasema wimbo mpya uko sawa. Yeye ndiye mwimbaji wetu tangu bendi ianze, na huwa hapingwi. Mimi ni mpiga gitaa tu, lakini masikio ninayo.

Zamani hatukurekodi wimbo kabla ya kuupeleka ufukweni Kibirizi. Tuliupiga pale wanawake wanapoanika dagaa, na wakiitikia bila kuombwa, tunajua umeiva. Nyimbo zetu zinazoombwa harusini hadi leo zote zilipita pale. Hizi za sasa tunajifungia nazo chumbani.

Leo asubuhi nikaenda peke yangu na gitaa. Nikapiga, nikaimba. Wanawake wakaendelea kutandaza dagaa, hakuna aliyeitikia. Mama Zaituni, anayetujua tangu ujana wetu, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Mwajuma, mbona mnakimbia? Nani anawafukuza?"

Iliniuma. Mwendo tuliuongeza makusudi, vijana wasituone wazee.

Nikakaa pembeni nimenuna. Baada ya muda nikamsikia anakiimba kile kiitikio, polepole, kwa mwendo wa mkono wake unaotandaza dagaa. Mwenzake akaitikia. Sikuthubutu kugusa gitaa.

Tunarekodi Jumatano. Lazima nimwambie Ramadhani tupunguze mwendo, na najua atakasirika. Naogopa, maana tukienda polepole kila mtu atasikia sauti ya Ramadhani inavyotetemeka siku hizi.

Lakini ya Mama Zaituni nayo ilitetemeka, na mwenzake aliitikia.