Faili Saba za Mwingereza Wako

Baba mkwe,

Kwa majonzi makubwa, familia inatangaza kifo cha printa yako, kilichotokea Jumanne moja mwezi uliopita, saa mbili usiku, hapa Jakobsberg, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa akichapa ukurasa wa kitabu cha kanisa. Alifika katikati, akakohoa mara mbili, akatulia. Ameacha chupa moja ya wino ambayo haijafunguliwa na mkwe mmoja aliyechoka. Mazishi ni Jumamosi, kwenye jalala la vifaa vya umeme. Maua yasiletwe.

Nimeanza na hilo kwa sababu kwetu mtu hamrukii baba wa mke wake na lawama kabla ya kumjulia hali. Basi, hatujambo. Binti yako Karin ameanza kupata usingizi. Mjukuu wako Akinyi ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anauliza utarudi lini, kwa Kiswidi, nami namjibu kwa Kiswahili, na hakuna kati yetu anayeridhika. Na mtoto amezaliwa. Ni mvulana. Leo ana wiki kumi na mbili.

Nakuandikia kwa lugha usiyoijua, tena kwa makusudi. Kiswidi changu kinatosha kazini na kwa daktari, ila nikikasirika kwacho nasikika kama tangazo la kuchelewa kwa treni. Kijaluo kingenifunga mdomo kabisa, maana mkwe ni mkwe. Kiswahili kinaniruhusu kukasirika kwa adabu. Na nimekukasirikia, Baba mkwe. Shikamoo, lakini nimekukasirikia.

Unakumbuka ulivyonitwika mzigo huu? Ulikuwa kitandani hospitalini, karibu na dirisha, ukanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo daktari alisema huna tena. "Wewe unajua Kiingereza," ulisema. "Nimalizie kumtafuta Mwingereza wangu. Na Karin akijifungua mvulana, mpeni jina lake. Henry." Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mtu anayekufa haambiwi ngoja nifikirie. Siku ya tatu ukaondoka, ukaniachia faili saba za kijani na jina la Mzungu.

Huyo Henry Marsden nilikuwa namjua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwetu mkwe hata miguu ya baba wa mke wake haikodolei macho. Wewe ulinipeleka sauna, chumba chenu cha mvuke, ukanikalisha uchi kwenye ubao kando yako, nawe uchi, ukamwaga maji juu ya mawe ya moto na kuanza kunisimulia ukoo. Babu wa baba yako, ulisema, Mwingereza halisi, mhandisi, alikuja karne ya kumi na tisa wakati reli zinajengwa, akaoa msichana wa huku, Brita, akazaa naye mtoto mmoja. Mimi saa nzima nilikuwa natazama dari. Wewe ukadhani nasikiliza kwa makini.

Halafu ile chai. Katika ukoo mzima wa wanywa kahawa, wewe peke yako ulikunywa chai ya maziwa saa kumi kamili, kidole kidogo kikiwa juu. "Ni damu," ulisema. Mimi niliyelelewa Siaya kwa chai ya maziwa, bila Mwingereza hata mmoja kwenye ukoo, nikanyamaza. Heshima ni kazi ngumu.

Sasa sikia. Mtoto alipozaliwa nilimpigia mama yangu na kumweleza habari ya jina. Hakukataa. Ingekuwa rahisi kama angekataa. Aliuliza: "Huyo alikufaje?"

Nikamwambia ni zaidi ya miaka mia.

"Sijauliza lini. Nimeuliza alikufaje. Alikuwa na boma? Nani alimzika? Mjukuu wangu hawezi kubebeshwa jina la mtu nisiyejua alivyolala."

Unajua kwetu jina la marehemu si kofia, eti utalivua likikubana. Anayepewa jina hufuatwa na mwenye jina. Kwa hiyo hapewi jina la mwizi, wala la aliyekufa vibaya. Karin naye, macho mekundu, akasema baba yake aliomba kitu kimoja tu maishani. Na kuna serikali: huku jina la mtoto hupelekwa ofisi ya kodi ndani ya miezi mitatu. Nikawa nimebanwa na wanawake wawili na fomu moja.

Nikafungua faili. Baba mkwe, kwa heshima zote: miaka arobaini ulikuwa unafanya nini? Orodha za wahandisi. Barua kwa vyama vya wahandisi. Picha za makaburi ya kina Henry wasiotuhusu, moja ikiwa na kidole chako. Nilimwandikia mama mmoja anayejitolea kwenye hifadhi ya nyaraka katika ule mji wa viwanda wa Uingereza ulioupigia mstari mwekundu. Akanijibu kwa upole mkubwa kwamba anao kina Henry Marsden kumi na wanne wa enzi hizo, na je, ningependa yupi? Ni kama mtu aandike barua Kisumu kumuulizia Otieno. Mmoja alikuwa mwoka mikate. Mmoja alikuwa na watoto kumi na mmoja na inaelekea hakuwahi kuvuka hata mto. Mhandisi, hakuna.

Kanisani nikawa kichekesho. Papaa Fidèle, yule Mkongo anayepiga kinanda, alinishika bega mbele za watu baada ya ibada. "Mais kaka! Babu zenu Kenya walihangaika miaka yote Mwingereza aondoke. Wewe umefika huku, unamtafuta tena?" Walicheka mpaka mchungaji akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Kilichonifungua macho si kompyuta. Nilikuwa nimekaa kituoni nangoja zamu, naendesha basi kama unavyojua, nikakumbuka barua yangu ya kwanza kwa Mama nilipofika Stockholm. Nilikuja na diploma ya upimaji ardhi. Niliandika: "Mama, nimepata kazi na watu wa reli." Haikuwa uongo. Nilikuwa naosha vyoo vya treni. Kufikia Krismasi kijiji kizima kilijua mtoto wa Onyango ni mhandisi wa reli Ulaya.

Nikainuka kwenye benchi nikasema kwa sauti: yule hakuwa mhandisi. Mama aliyekuwa na mkoba kando yangu akasogea.

Wewe, mwenyeji, ulimtafuta kwenye meza za wakubwa. Mimi mgeni najua mgeni huanzia wapi. Nikaacha wahandisi, nikafungua vitabu vya kanisa vya parokia ambako reli ilipita, nikaanza kusoma watumishi wa mashambani, wapishi, wabeba mawe, watu ambao katika faili zako zote saba hukuwapa hata karatasi moja. Ilinichukua jioni tisa, kwa mwandiko wa mchungaji ambaye naamini aliandika akiwa juu ya farasi. Na nikampata, Baba mkwe. Si mbali. Huko kuelekea Upplands Väsby, karibu na njia uliyopita kila ulipokwenda uwanja wa ndege kupiga picha za makaburi Uingereza.

Henry Marsden, mtunza farasi wa mhandisi.

Unajua wachungaji wa zamani wa huku walivyokuwa, waliandika mpaka jinsi mtu anavyosoma katekisimu. Henry: anasoma vibaya. Ameoa Brita, mjakazi. Mtoto mmoja. Printa ilikufa hapo. Karin akaichukua ile nusu karatasi, akaibandika kwenye friji, akalia kwa furaha. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kwenye skrini ukurasa unaendelea. Ameonywa kwa ulevi. Ameonywa tena. Amerudi kwao Uingereza. Na mstari unaofuata, kwa mwandiko uleule, Brita na mtoto wapo palepale, miaka na miaka, wakisaidiwa na parokia.

Nilimpelekea yule mama wa Uingereza habari za farasi. Kwa wiki moja alimpata, kwa sababu kati ya wale kumi na wanne ni mmoja tu aliyetunza farasi na kupotea nyumbani miaka mitatu. Nyumbani, ndiyo. Alikuwa na mke kule na watoto watatu kabla hajamwona Brita. Alirudi kwao kana kwamba alikwenda dukani. Kuhusu swali la mama yangu, lilikuwa na jibu kwenye gazeti la mji: alipigwa teke na farasi, Jumapili mchana, akiwa amelewa.

Miaka arobaini ya chai, Baba mkwe. Kidole juu.

Nilimwambia Karin jikoni. Alitazama ile nusu karatasi muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka, nikamshika. "Maskini pappa," alisema. "Maskini Brita." Halafu: "Usimwambie mama yako."

Lakini Mama alikuwa ameuliza. Nikamwambia yote, hata farasi.

"Aliacha mtoto?"

"Aliacha."

"Basi hapana. Wanaume wa kuacha watoto tunao wa kutosha hapa. Hatuhitaji kuagiza."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Jumapili iliyopita mtoto alilia tangu asubuhi, na Mama akasema, sawa, tufanye kama watu. Kwetu mtoto akilia hivyo, mwanamke mzee huita majina ya marehemu mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai, Karin akamshika mtoto, Mama akaanza kule Siaya. Akamwita Onyango, baba yangu. Mtoto akalia. Akamwita Ochieng', mjomba. Akalia. Hapo mimi, kwa ajili ya ile ndiyo niliyokupa, nikapenyeza: "Henry." Alipiga yowe hata jirani wa chini akagonga bomba.

Mama akavuta pumzi. Bila kumuuliza mtu, akaliita jina lako. Unakumbuka mlivyokuwa mkipungiana mikono kwenye video kila Krismasi, hakuna anayemwelewa mwenziwe, mkicheka tu? "Lenati," aliita. "Lenati, ni wewe?"

Kimya. Kimya kabisa, Baba mkwe. Tungeweza kusikia friji.

Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikaanguka. Karin alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yakitikisika. Akinyi, anayekuita morfar, yaani babu, akasema kwa Kiswidi, "Morfar amerudi, lakini mdogo." Mimi nilitazama dari, kama siku ile ya sauna.

Jumatatu nilipeleka fomu. Lennart Onyango. Uliniomba jina la mtu wenu aliyetangulia, nami nimetoa la mtu ambaye najua alivyoishi, najua alivyolala, na nilikuwepo tulipomzika. Kama nimekukosea, utaniambia tukionana, tafadhali tukiwa tumevaa nguo.

Ukurasa wa Henry nimeuweka katika faili ya saba, mzima, nimeunakili kwa mkono. Mtoto akiuliza, nitamsomea wote, na Brita nitamsoma mara mbili. Nakuahidi hilo. Saa kumi nitampa chai ya maziwa akikua, na nitamwambia imetoka Siaya. Sauna nitampeleka pia. Mtu lazima amwoneshe mahali pa kutazama.

Lala sasa, Baba mkwe. Faili nimezifunga kwa kamba.

Ila kwa kuwa ulipenda kumbukumbu ziwe sahihi: Mama alipokuwa analiita jina lako, Karin alikuwa ameshaanza kumnyonyesha.