Kwa Nini Mti Wako Ulipukutisha Majani

Dada yangu mpendwa,

Sasa hivi tu mwanao amechukua kitambaa chenye maji, akapanda juu ya ndoo niliyoifudikiza, akafuta majani mawili kati ya machache yaliyobaki kwenye ule mti wako wa fikasi, juu na chini, kama anavyoniona mimi nikifanya. Kisha akafuta pua yake kwa kitambaa kile kile na kuhamia jani la tatu. Nikamwambia mti utapata mafua. Akaniangalia, akasema basi tuupe dawa. Mtoto wa miaka miwili na nusu! Nimecheka mpaka kalamu imeanguka. Nimeona nianze na hilo ndipo nikusalimie, maana nilitaka kwanza ucheke.

Haya, shikamoo Dada. Habari za nyumbani? Mgongo unaendeleaje, au bado unanyanyua vyungu vya kitaluni peke yako na shemeji amesimama hapo anakuelekeza? Watoto hawajambo? Sisi hatujambo. Mwanao ana afya, anakula mpaka anaomba vya wenzake. Mimi nimenenepa kidogo, na nakuomba usiseme neno.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu nimeijaribu. Mara nne nimekupigia nikiwa nimeshajipanga cha kusema, na mara zote nne umeanza kuongea kabla sijameza mate, ukaja kumaliza umeshanipa maagizo saba. Na sauti yangu unaijua, ikitetemeka kidogo tu unauliza nani kafanya nini. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Shule niliiacha mapema, unajua mwenyewe, kwa hiyo ukikuta sentensi haina mwisho vuta pumzi uendelee tu. Umesema utakuja kututembelea mwisho wa mwezi. Kabla hujafunga begi kuna jambo lazima ulijue, na ninaogopa utakavyolipokea. Ngoja nianzie kwenye mti, maana uwongo wangu ulianzia hapo.

Unakumbuka siku ya ndoa yangu? Watu wanaleta sufuria na mashuka, wewe unaingia umekumbatia mti mrefu kuliko bibi harusi. Mawifi zangu wakanong'onezana kwamba huyu dada mtu kaleta msitu. Hukuwajali. Ukazunguka sebule nzima ukitazama mwanga, ukauweka kwenye kona karibu na dirisha, jua lisipoupiga moja kwa moja, ukaniambia mti huu hautaki kuhangaishwa, ukishapata mahali pake uuache hapo hapo. Nikauacha. Miaka minne nimeumwagilia udongo ukikauka juu, nimeufuta vumbi, nimekata kitawi kimoja kilichoziba dirisha na utomvu wake mweupe ukaniwasha mkono siku mbili. Wageni walikuwa wanaushika kuona kama ni wa plastiki.

Miezi miwili iliyopita ukaanza kupukutisha. Nilidhani yataanguka ya njano peke yake, kumbe hata mabichi, Dada, mabichi kabisa, asubuhi nayakuta chini kama yamechumwa. Nikaingiwa na wazimu. Nikawa naumwagilia asubuhi na jioni. Nikasema labda haupati jua, nikawa nauburuta mlangoni asubuhi, mchana naurudisha dirishani. Nikaufunika na khanga nikidhani unasikia baridi. Nilikuwa nauuguza kama mtu mwenye homa, na kila nilivyozidi kuuguza ndivyo ulivyozidi kubaki vijiti.

Ndipo nilipokuuliza kwenye simu, nawe ukataka picha. Ile picha niliipiga kwa karibu sana, makusudi, ukuta usionekane. Ukaniuliza mambo matatu. Unauzamisha kwa maji? Nikakubali. Unapigwa na upepo wa mlangoni? Nikasema hapana. Umeuhamisha? Nikasema hapana. Ukanyamaza. Wewe, ambaye hata usingizini unaongea, ukanyamaza kiasi cha mtu kufunga kiatu. Kisha ukasema mti wa namna hii haupukutishi hivyo ukiwa mahali pake, ukaniambia nipunguze maji, nisiusogeze tena hata shubiri moja, niuache ujizoee. Ukahamia habari za watoto. Tangu siku ile sina raha.

Dada, nilikudanganya. Mti umehama. Umehama nyumba, na sisi tumehama nao. Mimi na mtoto hatukai tena kwa shemeji yako. Hii ni wiki ya tisa.

Usisimame kwanza, endelea kusoma. Hakunipiga, wala sitaki umfikirie hivyo. Hakuleta mwanamke. Ni kwamba akikasirika hasemi. Mwanzoni ilikuwa siku mbili, nikadhani ndivyo waume walivyo. Ikawa wiki. Mara ya mwisho nilicheka mbele ya wageni wake aliposahau jina la mkubwa wake wa kazi, basi. Hakunisemesha siku arobaini na moja. Nikiingia chumbani anatoka. Nikimsalimia anatazama simu. Akitaka kitu anamwambia mtoto, mwambie mama yako shati halijapigwa pasi, na mimi nimesimama pale pale, na mtoto anatugeuzia macho huyu na huyu, hajui aanzie wapi.

Ningevumilia, nakuapia. Nilikuwa nimeshazoea kuongea na huo mti. Lakini alasiri moja nilikuwa nakunja nguo, mtoto anacheza na mwanasesere wake. Mwanasesere akaanguka. Akamwokota, akamketisha ameelekea ukutani, akampa mgongo. Nikamwambia mchukue mtoto wako, analia. Akatikisa kichwa. Hakumgusa mpaka jioni. Nikaona, Dada, anacheza nyumba yetu.

Kesho yake nilimwambia baba yake kwamba naondoka. Hata hilo hakulijibu. Jirani wa mlango wa pili, yule uliyepiga soga naye siku nzima ulipokuja nilipojifungua, ndiye aliyenisaidia kubeba. Alisema nitangulize nguo. Nikamwambia nguo zinakunjika, mti haukunjiki, tuanze nao. Tukashuka nao ngazi zile, yeye kashika shina, mimi nimekumbatia chungu, kila kona jani linakwaruza ukuta, naye ananiuliza kama huko ninakokwenda kuna mlango au nimehamia porini.

Ninakokaa ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya kushona. Mwenyewe ni mama mmoja mnene, tunamwita Fundi, na yeye anamwita kila mtu bosi, hata mwanao. Mimi napinda sketi za shule na kushona vifungo, na wiki hii ameniachia kukata kola. Cherehani ziko tatu na zote zinapiga kelele. Mtoto, ambaye kule alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, huku anaongea kutoka anapoamka mpaka anapolala. Anaongea na cherehani, anaongea na pasi, anawaamrisha wateja wavue viatu. Wamembandika jina la Kasuku. Mti nao Fundi ameupa nafasi kwenye dirisha kubwa la mbele, akatangaza kwamba atakayeusogeza atashona vifungo vya mwezi mzima. Juzi nilikwaruza gome la mti kwa ukucha nikakuta kijani chini yake. Na leo, kwenye vile vijiti, kuna ncha mpya tatu, zimejisokota, zimechongoka kama sindano ya kudarizi.

Sasa nikueleze kwa nini nilidanganya. Kabla ya ndoa uliniuliza mara mbili kama nina hakika na huyu mtu. Mara ya pili nilikukasirikia, nikakwambia wewe si mama yangu. Wewe, uliyenichana nywele tangu mama alipotutoka. Hilo neno bado linanichoma. Na namkumbuka binti wa mama mdogo alipokuja kwako analia kwamba mumewe kamnunia, ulimpa chai, ukamfungia virago vyake, ukamrudisha kwake siku hiyo hiyo. Ukasema nyumba haiachwi kwa ajili ya mdomo uliofungwa. Sikuwa na mume wakati ule, nikakuona una busara. Kwa hiyo kila nikishika simu nakuona unanifungia virago.

Sikuombi unitafutie pa kukaa, ninapo. Sikuombi umwendee shemeji yako, anajua tulipo. Alikuja mara moja kuleta viatu vya mtoto, akaviweka kizingitini, nikamkaribisha aseme chochote, hata anitukane, akaondoka. Siku akiwa na la kusema nitamsikiliza. Ninachokuomba ni kimoja tu. Ukija, usiniambie nirudi. Wengine wote wakiniambia nitawajibu. Wewe ukiniambia, najua miguu yangu itakutii, na mtoto atarudi kutembea kwa ncha za vidole. Nigombeze kwa uwongo, hilo ni haki yako, nitainamisha kichwa mpaka umalize. Ila hilo usiniambie.

Basi nimelisema. Mkono unauma kuliko siku ya kupinda sketi sitini. Nisalimie shemeji, mwambie akupokee hivyo vyungu. Watoto wabusu mmoja mmoja. Kasuku anamwamkia mama mkubwa wake, alikuwa hapa anadai naye aandike, nimemtuma kwa Fundi uani ili nimalize hapa karakanani. Ni mimi, mdogo wako anayekupenda na anayengoja jibu lako bila kulala

Ngoja, Fundi ananiita. Anapaza sauti kwamba bosi mkubwa kaja, nitoke mbio. Anasema kuna mama kaletwa na yule jirani yangu wa mlango wa pili, ana begi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, salamu hata hajamaliza. Kampakata Kasuku, kaingia chumbani kwangu moja kwa moja, anapima dirisha kwa shubiri na kuuliza kitambaa kizito cha pazia kiko wapi, maana mdogo wake na mtoto hawawezi kuendelea kukaa hapa bila…