Sikio la Mkalimani

Jumatatu, 3 Juni 1957

Korti tangu saa mbili. Kesi nne. Nimekaa kushoto mwa meza kama kawaida, ili sikio la kulia, lenye nafuu kidogo, liwaelekee washtakiwa. Jaji hanipi shida. Anasema Kifaransa chake kwa sauti kubwa, uso juu. Shida ni watu wetu, wanaojibu Kinyarwanda wameinamisha kichwa. Siku hizi nawaambia, "Nitazame mimi unaposema." Wanadhani ni heshima ya korti. Natafuta midomo yao.

Kesi ya mwisho ilikuwa ya Sebahire, mtu wa Kanzenze, anayechunga ng'ombe wa jirani. Ng'ombe mmoja hayupo. Jaji akauliza amempeleka wapi. Sebahire akajibu huku akijifuta mdomo kwa mkono. Neno moja. Nikasikia "narayibye". Nimemwiba. Nikatafsiri hivyo. Jaji mwenyewe alishangaa kesi imekwisha upesi. Miezi minane buloko, gereza letu.

Nilipomwambia hukumu, Sebahire alisema maneno mengi, haraka haraka. Sikuyashika. Jaji akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamjibu anaomba huruma.

Askari alipomchukua alinitazama mimi, si jaji. Alifungua viganja vyote viwili. Mtu aliyekiri hafanyi vile.

Sikula mchana.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu Mwamini amejua. Alikuwa nyuma yangu uani ananiita, nami naosha miguu. Mwishowe akanishika bega. Niliruka kama mwizi.

"Baba Zaina, we hausikie. Tangu lini?"

Nilikasirika. Nilimwambia ana sauti ndogo. Hakubishana. Baadaye akasema kuna munganga wa masikio anayekuja na boti kutoka Bukavu, atakuwa hospitali Ijumaa ya wiki ijayo. Masera, mtawa wa wodi ya akina mama, ndiye aliyemwambia.

Siendi. Kartiye yetu, mtaa wa Waislamu, ni ndogo. Nikionekana pale asubuhi, jioni msikiti mzima umejua. Mkalimani asiyesikia ni kitu gani? Ni mtu anayetunga.

Jumamosi, 8 Juni

Naogopa. Nimeliandika neno hili, nimelitazama, nimeliacha lilivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Kesi mbili. Kila jibu nimemrudisha mtu aseme tena, mara mbili, mara tatu. Jaji akagonga meza kwa kalamu. "Hamisi, umelala?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Jasho limenishuka mpaka kiunoni.

Nitakwenda kwa yule munganga.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda. Nimepitia njia ya ufukweni ili nisikutane na watu.

Munganga ni Mzungu mfupi mwenye nywele kwenye vidole. Anasema Kiswahili cha Bukavu. Kwanza alichukua uma wa chuma wenye meno mawili, akaugonga gotini kwake, akaugusisha mfupa nyuma ya sikio langu, kisha akauleta mbele ya tundu. Wapi ni zaidi? Nikajibu bila uhakika. Akaandika.

Kisha wakanivalisha vikombe viwili vya kusikilizia. Mezani kulikuwa na mashine yenye vifundo, Masera akiiendesha. Nikisikia mlio, hata mdogo, niinue kidole. Mwanzoni mlio ulikuwa mnene kama wa ngoma ya mbali. Ukapanda, ukawa mwembamba, ukatoweka. Lakini niliona bega la Masera likisogea kila anapobonyeza. Nikawa nainua kidole kwa kufuata bega.

Mimi mtu mzima, miaka arobaini na minane, naiba mtihani.

Munganga aliniacha kidogo. Kisha akaja akageuza kiti changu kikaelekea ukuta. Nilikaa mbele ya chokaa nyeupe, kidole kimelala pajani. Muda mrefu. Muda mrefu mno.

Akanionyesha karatasi. Mstari unaanza juu, unakwenda sawa, kisha unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Sauti nene unasikia," akasema. "A, o, u, mu. Ile nyembamba inakupita. S, f, sh, z. Donc, unasikia kama mutu iko anasema, lakini hausikie anasema nini. Kichwa yako inajaza yenyewe penye inakosa."

Z.

Palepale nimelijua neno la Sebahire. Narayibye, nimemwiba. Narayibuze, amenipotea. Ondoa z, ziba mdomo kwa mkono, nini kinabaki? Kichwa changu kilijaza chenyewe. Kilichagua wizi.

Nikasukuma kiti nyuma. Munganga akadhani nimeogopa mashine. Akanieleza taratibu. Kisanduku kidogo kinavaliwa kifuani. Ndani kina kidude cha kupokea sauti, kinaikuza kwa nguvu ya betri, inapita kwenye waya mpaka kwenye kifungo cha sikioni. Anacho kimoja. Kilikuwa cha mwenye shamba la kahawa aliyefariki. Sasa ameniandikia mimi.

"Kisanduku inaweza kupita kwa mutu mwengine. Lakini ya kuziba sikio, hapana. Ile ni yako peke yako."

Akanisukumia sikioni pamba yenye uzi, ili atakachotia kisiende mbali. Akakoroga unga mweupe na maji, akaujaza sikioni. Ulikuwa baridi, kisha ukaanza kupata joto. Nikasikia moyo wangu tu. Niliwaza: ukigoma kutoka je? Nilishika kiti kwa mikono miwili. Alipouvuta ulitoka na sauti kama ya mguu kwenye tope. Nikauona mkononi mwake: sikio langu kwa ndani, limepinda kama konokono. Unapelekwa Bukavu, kwa mfano wake kitengenezwe kizibo kigumu. Mwezi mzima nisubiri.

Mwezi mzima, na Sebahire yuko ndani.

Jumanne, 18 Juni

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Nimesema malaria. Karani kijana wa posta anatafsiri badala yangu.

Nikisema kweli kuhusu Sebahire, wataniuliza: na wengine? Nimekuwa kiziwi tangu lini? Miaka miwili, labda zaidi. Nyuso zinapita. Mwanamke wa Nyamyumba aliyeshtakiwa kwa samaki. Wale ndugu wawili na mpaka wao wa shamba. Nilisikia nini? Nilijaza nini? Sijui. Naogopa kujua, na naogopa kufa bila kujua.

Na labda nakosea. Labda alisema ameiba kweli. Nashikilia hapo.

Jumanne, 9 Julai

Idi ya kuchinja. Kwenye safu nimefuata mabega ya watu kuinama na kuinuka. Sikusikia neno la imamu. Watu wamenipa mkono, nimetabasamu. Nyama sikuionja.

Ijumaa, 12 Julai

Munganga amerudi na boti. Kizibo kimefika, kigumu, kinapitisha mwanga kama kioo. Amenionyesha namna: ncha kwanza, kisha zungusha kwa nyuma mpaka kikae. Kikikaa vibaya, sauti inavuja, inarudi kwenye kisanduku, inapiga filimbi. Kisanduku kwenye mfuko uliofungwa kifuani. Betri mbili, kubwa na ndogo. Kigurudumu cha sauti pembeni.

Akakigeuza polepole.

Kwanza moto. Nyasi kavu zinaungua kifuani mwangu! Nikajipiga shati. Masera akanishika mikono. Haikuwa moto, ni shati langu likisugua kisanduku. Kisha akatia kijiko kwenye bakuli, nikainama kama nimerushiwa jiwe. Kiti. Viatu. Mtu anakohoa chumba cha pili. Kila kitu kina meno.

"Kwanza saa moja kila siku," munganga akasema. "Ndani ya nyumba. Kichwa ijifunze."

Akasimama nyuma yangu. Nirudie anachosema. Sa. Fa. Sha. Nikakosea, akageuza kifundo kingine kupunguza ule unene, akarudia.

Za.

"Za," nikasema.

Nikalia. Masera akafikiri ni furaha.

Jumatatu, 15 Julai

Buloko. Mlinzi ananijua, akaniruhusu. Wakamleta Sebahire uani. Amekonda. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja. Alidhani nimeleta adhabu nyingine.

Nilikivaa kisanduku juu ya shati ili kisisugue. Akakitazama sana. Nikamwomba arudie alilomjibu jaji.

"Kwa nini?"

"Rudia tu, tafadhali."

"Narayibuze," akasema.

Z ilipita kama mbu karibu na sikio. Safi. Nikamwomba tena. Akasema tena, kwa hasira sasa. "Amenipotea. Nilikwambia siku ile. Nikakwambia tena, nyayo zake zilikwenda kwenye korongo, nipeni siku mbili nitamtafuta. Ukanitazama tu."

Maneno mengi ya haraka haraka. Hayo ndiyo niliyoyaita kuomba huruma.

Niliondoka bila kumwambia sababu. Mwoga.

Jumanne, 16 Julai

Nimeingia kwa jaji kabla ya kesi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipoinama kumwamkia, kizibo kikalegea na kisanduku kikapiga filimbi, kali, chumba kizima. Karani wa korti akatazama dirishani. Jaji akaweka kalamu.

"Hiyo nini, Hamisi?"

Nikafungua kifungo cha koti nikamwonyesha. Nikasema yote. Nimesema Sebahire hakukiri. Nimesema ni mimi. Nimesema kuhusu miaka miwili.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia nikae nje. Nimekaa kwenye benchi la washtakiwa, maana hakuna jingine. Nikasikia kupitia mlango, kwa mara ya kwanza nikasikia kupitia mlango, akimwambia karani atoe mafaili yote yenye jina langu. Yote.

Nilitaka kugeuza kigurudumu nizime. Nimekiacha.

Alhamisi, 25 Julai

Mifupa ya ng'ombe imepatikana korongoni, na kamba yake shingoni. Mwenye ng'ombe ameitambua. Sebahire ametoka jana.

Mimi nimeachishwa kazi. Hawakunishtaki. Kesi mbili nyingine zinasikilizwa upya. Yule mwanamke wa Nyamyumba naye ameitwa, lakini yeye alishamaliza kifungo chake chote. Nini atarudishiwa?

Mwamini alisema, "Bon, umesema. Sasa kula."

Nimekula kidogo.

Jumamosi, 17 Agosti

Nipo kwenye kibanda cha shemeji yangu sokoni, napima vitambaa. Kisanduku nakivaa saa za soko, kisha nakizima, betri mpya zinachelewa kufika. Watoto wamezoea waya.

Leo asubuhi Sebahire amekuja. Ametua kikapu cha mtama mbele ya kibanda. Nikaweka futi chini.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

Akasema polepole, kwa Kinyarwanda, ananitazama usoni. "Mke wangu alirudi kwao nilipokuwa ndani. Alisema hawezi kulala kwa mwizi. Wiki iliyopita amekuja tena. Mtoto wangu bado hanikaribii. Sikuja kukusamehe. Nimekuja kuuza mtama."

Nikakunja kitambaa nilichokuwa napima.

"Sema nilichosema," akaniambia. "Kama kortini. Sema chote."

Shemeji aliacha mkasi. Nikasimama wima. Nikasema kwa Kiswahili neno kwa neno: mke aliyerudi kwao, mtoto asiyemkaribia, kwamba hakuja kunisamehe, kwamba amekuja kuuza mtama. Sikuongeza. Sikupunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Ndivyo," akasema.

Akajitwika kikapu, akaenda upande wa wauza nafaka.