Mama Aliyesimama Kando ya Nguzo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamsahau mama yangu mzazi, na tafadhali usicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, kitindamimba wa nyumba yetu, na mama yetu alifariki mwaka jana bila kuacha picha hata moja ya maana, kwa sababu marehemu alikuwa na makengeza na tangu usichana wake watu walimcheka, basi akiona kamera tu anageuka au anavuta mtandio usoni, hata kwenye harusi yangu picha zote ni mgongo wake, na ile ya kitambulisho ilishafutika kwa kufuliwa mfukoni. Sasa tulipopanga kukutana kumkumbuka, dada yangu mkubwa, ambaye ni karani na nyumbani akisema ndiyo imekwisha, akaniambia wewe si una simu yenye ile akili mnemba ya kuchora, iambie ituchoree mama. Nikasema haya. Nikaandika kwa mapenzi yangu yote, mshauri, huku machozi yananitoka: "Mama yetu mpendwa, nguzo ya nyumba, mwenye mkono wazi na moyo mweupe, uso wake kama mwezi." Ikaja picha ya mwanamke amesimama kando ya nguzo ya zege, kiganja amekinyoosha kama ombaomba, na mwezi uko nyuma ya kichwa chake! Kaka yetu alicheka mpaka akakaa chini. Nikafuta, nikaandika mama mrembo mwenye macho ya huruma, asiwe na miwani, akaja na miwani. Nikaandika kwa hasira NIMESEMA BILA MIWANI, ikaja miwani mikubwa kuliko ya kwanza.

Mwisho nikachoka, nikaandika tu "mama mrembo wa makamo anatabasamu", akaja mwanamke anang'aa kama wa kwenye tangazo la sabuni, macho yote mawili yamenyooka, na dada alipomwona akaangua kilio, "Ndiye! Ndiye mama yangu huyu!" Nikamwambia, lakini dada, mama alikuwa na makengeza. Akanijibu, "Koma! Unataka kumwaibisha hata kaburini?" Tukaichapisha kubwa, tukaitundika sebuleni, na siku yenyewe wageni wakaisifia kweli kweli, mpaka alipofika mama mdogo, mdogo wake marehemu ambaye walilala kitanda kimoja utoto wao wote, akasimama mbele ya ile picha akauliza, "Na huyu mgeni ni nani?" Dada akamwambia ni mama, amechorwa kisasa. Mama mdogo akasema, "Dada yangu alikuwa akinitazama mimi na mlango kwa pamoja. Huyu hanitazami mimi wala mlango." Akachukua mkoba wake akaondoka, chai hata hakuigusa, na tangu hapo simu zetu hapokei.

Linaloniua, mshauri, ni kwamba sasa nikifumba macho nimkumbuke mama, anakuja yule wa sebuleni. Juzi nilikuwa napangusa vumbi kwenye fremu, nikajisikia nimesema "samahani mama". Nikaogopa. Nikiandikie nini hicho chombo kinirudishie mama yangu, na huyu dada nimfanyeje?

Ni mimi, Kitindamimba mwenye uchungu

MSHAURI ANAJIBU

Kitindamimba, pole. Pole ya kufiwa nakupa kwa mikono miwili. Ya picha sikupi, hiyo mmejitakia.

Wewe si fundi? Mteja akija akakuambia "nishonee gauni la heshima, mimi ni nguzo ya nyumba", utakata kitambaa? Hukati. Unamwambia mama simama nikupime, unavuta tepu, kifua, kiuno, na kama bega moja limeshuka unaandika limeshuka, wala huoni aibu, maana usipoandika gauni litapanda upande. Mtaa mzima umeupima, mama yako mzazi ukamkadiria! Umemwimbia sifa, na sifa si sura, mwanangu. Sifa ni za kusomwa makaburini. Hicho chombo hakikuwahi kula chakula cha mama yako, hakijui kwamba mkono wazi ni ukarimu. Umeomba mkono wazi umepewa, na nguzo umepewa, tena ya zege. Ukisema "mrembo" kinakuletea urembo wa matangazo kwa sababu ndio kilioushiba. Na miwani ukishaitaja, hata kwa kuikataa, umeshaiweka mezani. Taja kilichopo, kisichopo usikiguse.

Sasa sikiliza. Funga cherehani uende kwa mama mdogo. Usipige simu, nenda kwa miguu yako, na usimpelekee maelezo, mpelekee samahani. Akikufungulia, muulize kama unavyopima wateja: paji la uso, nywele zilianzia wapi, alipocheka mdomo ulipanda upande gani, alipenda kukaa wapi, siku za kawaida alivaa nini. Umtazame na yeye vizuri, pua na kidevu cha mama yako huenda vimo humo humo usoni mwake. Kisha andika maneno makavu, mfano hivi: Mwanamke wa umri fulani, amekaa kwenye kiti cha mbao, mwanga unatoka dirishani kushoto kwake, anaonekana kuanzia mabegani, jicho la kulia linatazama mbele, la kushoto limeelekea pembeni. Picha ikija, rekebisha kitu kimoja kimoja kama unavyopunguza gauni, ukigeuza vyote kwa pamoja hutajua kipi kimeharibu. Hicho chombo kitajaribu kumnyoosha macho, nakuambia mapema. Kikikaidi, kaidi nawe. Na ukimpata, chini yake andikeni "mchoro", watu wajue. Mama mdogo ndiye atakayesema amefanana au hakufanana, si wewe wala dada yako. Akisema hakufanana, acheni ukuta na msumari wake mtupu, kuliko kumsalimia mtu msiyemjua kila asubuhi.

Ama huyo dada, usibishane naye. Teremsha ile picha mchana kweupe, yeye akiwa amekaa hapo hapo kwenye kochi. Akipiga kelele kwamba unamwaibisha marehemu, mwambie haya, na umwambie ni mimi niliyesema. Mama yenu alizikimbia kamera maisha yake yote kwa sababu watu walimwambia macho yake hayafai. Amekufa, na watoto aliowazaa mwenyewe wamekaa kikao sebuleni kwake wakakubaliana na wale watu.

Kwa hiyo ukikaa kuandika, mwanangu, anza na macho.